Akitoka wodini, atalala wapi?

Tukuyu ni mji wa mvua. Mawingu yakishuka kutoka Mlima Rungwe, mvua inaweza kunyesha kutwa nzima, na ikifika Juni na Julai baridi ya usiku humfanya hata mwenye blanketi mbili ajikunyate. Katika hali hiyo wapo watu ambao usiku unawakuta kwenye baraza za maduka, pembeni mwa stendi au chini ya meza za sokoni. Baadhi yao huzungumza peke yao, wamevaa nguo juu ya nguo, wamebeba mifuko wasiyotaka iguswe. Watoto huwaita vichaa. Sisi watu wazima huwapita.

Ukiuliza wafanyweje, utasikia majibu mawili. La kwanza: "Wapelekwe Mirembe." La pili: "Warudishwe kwao." Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, kwa sababu mgonjwa anahitaji tiba na anahitaji ndugu. Lakini yote mawili yanaruka kipande cha katikati, yaani zile wiki sita, nane au kumi na mbili baada ya tiba kuanza, wakati mgonjwa ametulia kiasi lakini bado hana pa kwenda. Hapo ndipo tiba nyingi zinapoharibika. Hoja yangu leo ni kwamba wilaya kama Rungwe haihitaji hospitali kubwa mpya ya wagonjwa wa akili. Inahitaji nyumba ndogo ya mpito, jirani na hospitali iliyopo, ambayo mtu analala kwa muda mfupi huku njia ya kurudi nyumbani ikitengenezwa.

Hawa ni akina nani?

Tunapozungumzia magonjwa makubwa ya akili tunamaanisha hasa skizofrenia, baipola, na sonona kali inayomfanya mtu apoteze uhusiano na hali halisi. Mgonjwa anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba anafuatiliwa au amelishwa sumu, kukosa usingizi kwa siku nyingi, au kujitenga kabisa na watu. Mara nyingi skizofrenia huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, umri ambao mzazi alikuwa anasubiri mwanawe amalize chuo au aanze kujitegemea.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 300 duniani anaishi na skizofrenia. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 339,157 katika Wilaya ya Rungwe, ikiwamo Busokelo. Ukifanya hesabu ya darasani tu, bila kudai kwamba kuna aliyewahesabu, unapata zaidi ya watu 1,000 wenye ugonjwa huo mmoja. Walio wengi hawapo stendi. Wapo majumbani, wanatunzwa na mama, dada au bibi. Wanaolala nje ni wachache waliodondoka kutoka katika kundi hilo kubwa, na karibu kila mmoja wao ana ukoo mahali fulani.

Wanadondokaje? Dawa ziliisha zahanati na nauli ya kwenda Mbeya haikupatikana. Mama aliyekuwa akimtunza alifariki na ndugu wakashindwa kukubaliana nani achukue nafasi yake. Kijana alianza bangi au pombe, ugonjwa ukapamba moto, akavunja vitu, akafukuzwa. Wengine walitoka tu nyumbani wakitembea. Tukumbuke pia kwamba barabara kuu ya kutoka Uyole kwenda mpaka wa Kasumulu inapita Tukuyu. Mtu aliyepanda basi au lori akiwa amechanganyikiwa anaweza kushuka hapa akitokea Kyela, Mbeya mjini, mkoa mwingine au ng'ambo ya mpaka, Malawi. Kwa hiyo ule msemo wa "warudishwe kwao" unadai kwanza mtu ajue kwao ni wapi, na mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kukueleza siku ya kwanza. Anaweza kukueleza wiki ya tatu, akishapata usingizi, chakula na dawa.

Utafiti uliofanyika Addis Ababa, Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watu 217 waliokuwa wakilala mitaani. Watu 41 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza uhusiano na hali halisi, na takriban 60 kati ya kila 100 walikuwa wanatumia pombe kwa kiwango cha hatari au cha uraibu. Mji huo si Tukuyu, lakini somo lake linatuhusu: anayelala nje mara nyingi ana ugonjwa zaidi ya mmoja, na pombe huwa ndiyo blanketi yake.

Dawa inahitaji mahali pa kulala

Wazazi wengi hudhani kwamba mgonjwa akitulia wodini, kazi imekwisha. Dawa kama haloperidoli na klopromazini huweza kupunguza fujo na kurudisha usingizi ndani ya siku chache. Lakini mawazo potofu na sauti huchukua wiki kadhaa kupungua, na uwezo wa kujipangia siku, kuoga, kupika na kushika fedha huchelewa zaidi. Mgonjwa anayeruhusiwa baada ya wiki mbili au tatu ni kama mtu aliyetolewa hogo ya mguu uliovunjika jana. Anasimama, lakini usimpe gunia.

Sasa mrudishe mtu huyo barazani. Dawa zinaleta usingizi mzito, hivyo anayelala nje anaibiwa au kubakwa akiwa hajitambui, na baada ya usiku mmoja wa namna hiyo anazitupa. Dawa hizi pia hupunguza uwezo wa mwili kurekebisha joto lake, jambo linaloongeza hatari katika baridi ya Rungwe. Vidonge hulowana. Kadi ya kliniki hupotea. Tarehe ya kurudi haijulikani kwa mtu asiye na simu wala kalenda.

Matokeo yanatabirika. Uchambuzi mmoja mkubwa uliounganisha tafiti 65, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba katika kipindi cha takriban mwaka mmoja, ugonjwa ulirudi kwa watu 27 kati ya 100 walioendelea na dawa, na kwa watu 64 kati ya 100 waliobadilishiwa dawa na kupewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitupa kila tunapomruhusu mtu aende mahali ambapo dawa haiwezi kumezwa.

Ipo njia ya kusaidia: sindano ya muda mrefu, kama flufenazini dekanoeti, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Kwa mtu asiye na pa kuhifadhia vidonge, sindano hii inaweza kuwa mkombozi. Hata hivyo, lazima mtu huyo apatikane siku ya sindano. Tunarudi pale pale: anwani.

Tulishajaribu nini?

Tanzania si mgeni katika jambo hili. Lutindi, katika milima ya Korogwe mkoani Tanga, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wakaigeuza kuwa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili. Bado inafanya kazi hiyo, na wagonjwa wake wana kazi za mikono na shamba. Mirembe ilianzishwa Dodoma miaka ya 1920, wakati wa Waingereza, na leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Baada ya Uhuru taifa likaanzisha vijiji vya urekebishaji ambako wagonjwa wanaopata nafuu walilima na kufuga badala ya kukaa wodini. Hombolo, Dodoma, na Vikuruti, Dar es Salaam, ni majina yanayofahamika kwa waliosomea fani hii.

Vijiji hivyo vilithibitisha jambo la msingi, kwamba mgonjwa akipewa kazi, ratiba na heshima anarudi kuwa mtu. Udhaifu wake kwa mtu wa Rungwe ni umbali. Kutoka Tukuyu hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 600. Ndugu atakwenda mara ya kwanza, labda na ya pili. Baada ya hapo nauli inashinda mapenzi, simu zinapungua, chumba cha mgonjwa kinapewa mtu mwingine, na siku ya kuruhusiwa hakuna anayempokea. Umbali hugeuza matibabu ya miezi mitatu kuwa utengano wa maisha.

Nigeria ilitafuta jibu jingine mapema. Mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo, aliyeongoza hospitali ya Aro huko Abeokuta, aliwapangishia wagonjwa vyumba katika vijiji vilivyozunguka hospitali. Mgonjwa alikuja na angalau ndugu mmoja wa kumpikia na kumwangalia. Asubuhi alikwenda hospitali, jioni alirudi kijijini kulala miongoni mwa watu wa kawaida. Wanakijiji walipata kodi ya nyumba, mgonjwa alibaki binadamu mbele ya binadamu wenzake, na ndugu alijifunza ugonjwa kwa macho yake kabla ya kurudi naye nyumbani.

Ushahidi wa takwimu upo pia. Miaka ya 1990, jijini New York, watafiti waliwafuatilia wanaume 96 wenye magonjwa makubwa ya akili waliokuwa wanatoka katika bweni la watu wasio na makazi. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipewa mtu mmoja wa kuwafuatilia kwa miezi tisa: kuwasindikiza kwenye makazi mapya, kuzungumza na ndugu, kuhakikisha kliniki inawajua. Katika miezi 18, kundi la kwanza lililala nje wastani wa usiku 91, kundi la pili usiku 30. Kilicholeta tofauti hiyo ni ufuatiliaji wa karibu katika kipindi cha kuhama, wala halikuwa jengo la kifahari.

Na kwa Wanyakyusa wazo lenyewe halipaswi kushangaza. Zamani vijana wa Rungwe walikuwa na vijiji vya rika. Mvulana akifikia umri fulani alitoka nyumba ya wazazi, akajenga na wenzake pembeni, akalala huko, lakini akaendelea kula kwa mama. Ilikuwa hatua ya kati, iliyoheshimika, baina ya utoto na utu uzima. Nyumba ya mpito ni hatua ya kati vilevile, baina ya wodi na nyumbani.

Nyumba yenyewe iweje?

Nyumba ninayoizungumzia ni ya kawaida, ya kupanga, yenye vitanda sita hadi kumi, kwa umbali wa kutembea kutoka Hospitali ya Wilaya ya Makandana. Ina jiko, maji, choo kinachofaa, na sehemu ya wanawake iliyotengwa kabisa yenye mlezi wa kike. Mlezi mmoja yupo usiku, mwingine mchana. Muuguzi wa afya ya akili anapita mara kadhaa kwa wiki, na ofisa ustawi wa jamii ana siku yake maalumu. Wakazi wanapika, wanafagia, wanalima bustani na kwenda kliniki kwa miguu yao. Wazo hili lina ndugu yake tayari nchini: nyumba za upataji nafuu, maarufu soba, kwa watu wanaoacha dawa za kulevya. Kama jamii imeweza kuishi jirani na soba, inaweza kuishi jirani na nyumba hii.

Yapo masharti ambayo yakikosekana ni afadhali nyumba isifunguliwe.

Kwanza, ukomo wa muda. Wiki nne hadi kumi na mbili, na nyongeza itolewe kwa sababu iliyoandikwa. Bila ukomo, vitanda hujaa mwezi wa pili na nyumba inageuka ghala la watu.

Pili, mpango wa kutoka uanze siku ya kuingia. Nani ni ndugu wa karibu? Zahanati gani iko jirani na kwao? Dawa hizo zipo huko? Nani atashika kadi? Maswali haya yakingoja wiki ya mwisho, jibu litakuwa stendi.

Tatu, hakuna minyororo, fimbo wala mlango wa kufungiwa. Mtu anayehitaji kuzuiwa kwa usalama wake anahitaji wodi na daktari. Pamoja na hilo, nyumba ishirikiane na viongozi wa dini na waganga wa asili, kwa sababu familia nyingi huanzia huko. Sala haina ugomvi na sindano. Ugomvi upo pale mgonjwa anapofungwa kamba, anaponyimwa chakula kwa jina la mfungo, au anapoambiwa aache dawa.

Nne, ufuatiliaji baada ya kutoka. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao ndio watu wa kumtembelea aliyerudi kijijini, wiki ya kwanza, ya pili, kisha kila mwezi. Anayerudi Kiwira au Masoko asilazimike kuja mjini ili tu aonekane yu hai.

Pingamizi nnazozisikia

"Ni hatari." Watu wengi wenye magonjwa ya akili hawamdhuru mtu, na wao ndio wanaodhuriwa mara nyingi zaidi kuliko wanavyodhuru. Ni kweli kwamba hatari huongezeka mtu asipotibiwa, hasa akichanganya na pombe au bangi. Hiyo ni sababu ya kumpa tiba na makazi, maana kumwacha nje hakumpunguzii yeyote hatari.

"Familia zitatupa wagonjwa wao hapo." Hofu hii ina msingi. Ndiyo maana kuna ukomo wa muda, na ndiyo maana ndugu anapaswa kushirikishwa tangu mwanzo. Lakini tuwe waadilifu: familia nyingi hazikumtupa mtu, zilichoka. Mama aliyekesha miaka mitano bila kusaidiwa na kuna siku alipigwa na mwanawe mwenyewe hastahili kuhubiriwa upendo. Anastahili wiki nne za kupumua na mtu wa kumfundisha namna ya kuishi na ugonjwa. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na Muhimbili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Marekani walifanya jaribio lililoitwa Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa kifupi KUPAA, lililoshirikisha wagonjwa 66 na ndugu zao. Mgonjwa na ndugu walikaa vikao pamoja na kujifunza pamoja. Mwelekeo huo ndio unaotakiwa, tena umeshafanyiwa kazi ndani ya mkoa wetu.

"Hakuna fedha." Gharama tunailipa hata sasa, ila hatuiandiki mahali pamoja. Mtu yuleyule analazwa mara tatu kwa mwaka, polisi wanaitwa, gari la wagonjwa linakwenda Mbeya takriban kilomita 70, mwanamke anabeba mimba ya kubakwa, mtoto anazaliwa na kuhitaji malezi. Kodi ya nyumba moja, posho za walezi wachache na chakula ni fedha inayoweza kujadiliwa katika bajeti ya halmashauri, ikichangiwa na madhehebu ya dini, ushirika na wafanyabiashara. Ndizi, maziwa na viazi Rungwe havijawahi kuwa bidhaa za kuagiza.

Jambo moja tuliache kabisa. Katika miji mingi, ukikaribia ugeni mkubwa, watu wanaolala nje hukusanywa na kupelekwa mbali ili mji uonekane safi. Baada ya ugeni hurudi wakiwa wamepoteza hata kile kibanda walichokizoea na mama lishe aliyekuwa anawapa ukoko. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa mtu kufikishwa hospitali, kutathminiwa na kutibiwa hata pale ambapo ugonjwa umemzuia kuomba msaada mwenyewe. Kupakiwa kwenye gari na kushushwa wilaya ya jirani si utaratibu huo.

Mzazi na ndugu: fanyeni nini sasa?

Nyumba hiyo bado ni pendekezo, na mwanao anaumwa leo. Haya yanaweza kufanyika bila kungoja kikao.

1. Kabla hajaruhusiwa wodini, uliza maswali matatu: dawa gani, kwa muda gani, na zahanati gani jirani na kwetu itaendelea kuzitoa. Andika majibu. Uliza pia kama sindano ya muda mrefu inamfaa. Wagonjwa wa akili wa muda mrefu wamo katika makundi ya msamaha wa gharama katika vituo vya umma, hivyo muulize ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

2. Piga picha ya kadi yake ya kliniki na picha yake ya karibuni, zihifadhi katika simu za watu wawili. Andika namba ya simu ya nyumbani ndani ya ukosi wa koti au mshipi wa suruali yake. Akipotea, picha na namba hiyo vitafanya kazi kubwa.

3. Gawaneni zamu. Mtu mmoja asimamie dawa, mwingine kliniki, mwingine ampokee kulala wikendi moja kwa mwezi. Ukoo usiokaa kikao kuhusu jambo hili unamwachia mama peke yake.

4. Jifunzeni dalili za ugonjwa kurudi. Mara nyingi usingizi hupotea kwanza, kisha anajitenga, anakuwa na shuku, anaacha kuoga. Mpelekeni kliniki katika hatua hiyo, msingoje avunje dirisha.

5. Akikakamaa shingo, akitetemeka au kushindwa kutulia baada ya kuanza dawa, rudini kliniki. Hayo ni madhara ya dawa na yanatibika. Msiiache ghafla kwa uamuzi wenu. Lakini akiwa na homa kali, misuli imekaza kama ubao na amechanganyikiwa, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Vilevile akizungumzia kujiua, au akikataa kula na kunywa.

6. Kwa mtu anayechanganyikiwa kwa mara ya kwanza, ombeni apimwe mwili pia. Malaria kali, kifafa, maambukizi ya ubongo, sukari kupanda au kushuka, VVU na kaswende vinaweza kuonekana kama ugonjwa wa akili.

7. Akitoweka, toeni taarifa siku hiyo hiyo polisi na kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na mwulize kwenye stendi za njia yote, Kyela hadi Uyole. Msisubiri wiki kwa matumaini kwamba atarudi mwenyewe.

Na wewe unayempita mgonjwa barazani: msalimie kwa jina kama unalijua. Usimpige picha ya kurusha mtandaoni. Mpe chakula, na mjulishe ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Kama ni mwanamke, fanya hivyo haraka zaidi.

Swali la kumwuliza diwani

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi, na mapendekezo ya bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo, yakianzia katika mikutano ya vijiji na mitaa. Humo ndimo swali hili linapaswa kuulizwa, tena na wazazi wenyewe, kwa sababu wenye wagonjwa huona haya kusimama na wasio na wagonjwa hawakumbuki. Uliza hivi: wilaya yetu ina vitanda vingapi kwa mtu aliyetibiwa ugonjwa wa akili na hana pa kulala? Kama jibu ni sifuri, uliza lini vitakuwa sita.

Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu 1 kati ya 3 wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa, na wengi wa waliobaki wanaweza kuishi vizuri wakiwa na dawa na watu. Hatujui ni yupi kati ya wale wa barazani ndiye huyo mmoja. Tutamjua tukimpa kitanda kwa wiki chache, dawa kwa saa yake, na mtu wa kuuliza kwao ni wapi.